Mbao Mbili za Ubavuni

Machi 3

Mvua imeanza leo wakati wa chai ya asubuhi, bila hodi. Nimeanza kuandika humu kwa sababu kitabu cha boti ni cha mafuta na mizigo, na yaliyo kichwani mwangu siku hizi si mafuta wala mizigo.

Fundi wa maboti alifika kabla mvua haijaanza. Alilala kifudifudi gatini, akagonga ubavu wa kushoto wa boti yangu kwa mpini wa bisibisi, akasikiliza, akagonga tena. Kuna ubao mmoja, nyuma kidogo ya katikati, umeoza kwa ndani. Hawezi kuubadilisha mpaka boti ipandishwe nchi kavu, na boti haipandishwi mpaka mvua ziishe, kwa sababu njia ya kuipandishia sasa hivi imefunikwa na mto. Nikamwuliza kama itavumilia. Akasema itavumilia kila kitu isipokuwa kugongwa.

Sasa, gati letu halina ukuta. Lina nguzo za zege zilizoachana, na kila nguzo imetoa vichwa vya nati vyenye kutu. Boti hulala na ubavu huohuo wa kushoto kwenye nguzo hizo, na kuigeuza haiwezekani, mkondo unataka itazame juu ya mto. Ile mipira ya hewa tunayoining'iniza ubavuni inafaa kwa ukuta. Kwa nguzo haifai, kwa sababu boti ikisogea kidogo tu nguzo inaupita mpira na chuma kinakula mbao. Dawa yake ni ubao mnene unaoning'inizwa nje ya mipira, umelazwa, ili nguzo iteleze juu ya ubao na mipira ipokee kishindo kwa nyuma. Nilikuwa nazo mbili. Zilipasuka mwaka jana, nikazichemshia chai.

Boti hii ndiyo iliyobaki baada ya marehemu mume wangu na ndiyo inayotulisha. Sina nyingine.

Machi 5

Niseme habari za Kaka, maana nimemwomba kazi na amenijibu kwa kunitazama.

Kaka yangu alikuwa seremala wa mjini, wa makabati na meza, na si wa kubahatisha. Watu walikuwa wakingoja zamu. Kisha yakaja makabati ya boksi, yale unayoyanunua dukani asubuhi na kuyaunga mwenyewe mchana, na zamu ikaisha. Mwezi uliopita alifunga karakana akaja kwetu, kwa Mama na mimi, akiwa na begi la nguo, sanduku la zana na benchi lake la kazi. Hilo benchi lilishushwa kwenye lori na wanaume wanne, na kila mmoja alimtaja mama yake njiani. Liko kwenye banda nyuma ya jiko. Hajaligusa. Anashinda kwenye ukingo wa kitanda, anakula vijiko vitatu, anasema ameshiba. Mama ameniambia nikiwa naosha vyombo kwamba mwanawe hakuja kukaa, amekuja kuisha.

Leo mezani nikamwambia nahitaji mbao mbili za ubavuni. Akauliza ni za kazi gani. Nikasema ni za kugongwa. Akaweka kijiko chini, akanitazama kama niliyemwomba atengeneze kuni. Baadaye, nikiwa nimeshakata tamaa, nikasikia mlango wa banda unafunguliwa.

Machi 6

Kaka amekuja gatini na futi, mvua inamnyeshea. Ameipima boti kama fundi cherehani anavyompima bwana harusi. Mtu wangu wa injini alikaa pembeni akiangalia. Huyu tunamwita Taratibu, kwa kuwa ndivyo anavyotembea, ndivyo anavyokula, na ndivyo anavyojibu. Kitu pekee anachokiwasha haraka ni injini.

Kaka aliuliza nguzo inagusa wapi maji yakiwa chini, na wapi yakiwa juu, kamba inapita wapi, na nani anayezitundika. Tangu afike hajasema maneno mengi hivyo.

Machi 8

Mvua. Safari moja tu, unga na sabuni.

Machi 11

Bado. Nimetundika matairi ya lori kwa sasa, yanajiviringisha kwenye mkondo kama watoto kitandani. Boti imegonga mara moja, mbele, mahali pazima. Nilisikia kwenye meno.

Machi 14

Leo nilikwenda bandani kumharakisha Kaka na nimerudi bila mbao.

Mbao zilikuwa zimelazwa juu ya benchi. Ni mti mgumu, rangi ya chai isiyo na maziwa, unene wa vidole vitatu. Ncha amezizungusha zisikwame kwenye nguzo. Midomo ya matundu ya kamba ameilainisha kamba isisagike. Na upande wa nyuma amechimba kibonde mahali ambapo kila mpira utakaa, usihame. Hilo sikumwambia, alilifikiria mwenyewe. Chini yake benchi lenyewe ni kituko. Uso wake ni mnene kama upana wa kiganja, umejaa matundu ya kuingizia vigingi, alama za msumeno, gundi kavu, na mahali pameungua. Mbao mpya zilionekana kama wageni wamekaribishwa kwenye nyumba ya walevi.

Sasa anapaka mafuta. Anapaka, anangoja yanywe, anapiga msasa, anapaka tena. Nikamwambia, Kaka, mto unapanda. Akasema hajui kutengeneza kitu nusu.

Machi 17

Zimetundikwa. Taratibu aliziangalia muda mrefu akasema, "Hawa ni mabibi harusi." Jina limeshika papo hapo, kuna bibi harusi wa mbele na bibi harusi wa nyuma. Wa nyuma ndiye anayefunika mahali palipooza.

Jioni upepo ulisukuma boti kwenye nguzo. Nguzo ikateleza juu ya ubao, mipira ikanywea, ikajaa tena, hakuna kilichogonga. Nimelala usingizi wa mtoto.

Machi 18

Kaka alikuja kuzitazama. Nati za nguzo zimeshachora mistari kwenye mbao, miwili mitatu, mmoja una kina. Alisimama kwenye mvua mikono mgongoni. Nikamwambia zimefanya kazi nzuri sana. Akaitikia kwa kichwa. Hakula.

Machi 20

Leo alipanda boti kwa mara ya kwanza, na imekuwa balaa. Ng'ambo gati lina ukuta ulionyooka, kwa hiyo tukiondoka tunazivua mbao, hazina kazi mpaka turudi. Taratibu alikuwa anazisukumia nyuma ya injini. Kaka alipoziona huko alituita wote wawili, akaeleza polepole, kama anayezungumza na wagonjwa. Upande mmoja unapata moto wa injini, upande mwingine unyevu wa sakafu, ubao lazima upinde, na ubao uliopinda haukai kwenye mipira. Yuko sahihi. Ingekuwa rahisi kumvumilia kama asingekuwa sahihi.

Machi 23

Ametengeneza rafu chini ya paa la chumba cha usukani. Mbao zinalala bapa juu ya vipande vinne vilivyopangwa sawasawa, hewa inapita juu na chini, na kila kipande amekivisha kitambaa. Kitambaa ni blanketi la Mama. Mama amesema kwa hiyo mbao zinafunikwa na yeye anapigwa na baridi. Kaka akacheka. Nilisikia nikiwa jikoni nikadhani ni redio.

Machi 27

Utaratibu mpya. Jumatatu na Alhamisi, boti ikiondoka, mbao haziingii rafuni, Kaka anazipeleka bandani kuzirekebisha. Tukirudi alasiri tunazikuta gatini, zinang'aa, hazina hata mkwaruzo. Siku nyingine zinasafiri nasi.

Anakula sahani nzima.

Machi 30

Mvua.

Aprili 2

Nahodha wa boti jirani alikuja kuomba aangalie mbao zetu. Akapitisha mkono, akaguna. Akasema nyumbani kwake hana mlango uliolainishwa hivyo. Kaka alimweleza habari ya kila tundu. Baadaye nikamkuta ameketi na Taratibu kwenye ngazi za gati, wanabishana jinsi ya kunoa patasi, mmoja akijibu upesi na mwingine akijibu kesho.

Mlango wa chumba cha Mama, uliokuwa unakwama tangu nikiwa shule, unafunga. Mama anaufungua na kuufunga bila sababu.

Aprili 9

Kuna jambo. Leo nilimnyanyua bibi harusi wa nyuma kwa mkono mmoja. Machi nilitumia mikono miwili na kiuno.

Nikapima kwa vidole. Ni viwili.

Si uchawi. Nati inachimba ubao, Kaka hapendi kuona shimo, basi anapiga randa ubao mzima mpaka shimo liishe. Kesho nati inachimba tena. Anaondoa makovu, na pamoja na makovu anaondoa ubao. Kwa meza ya sebuleni ni sawa, meza inakwaruzwa mara moja kwa miaka. Hizi zinakwaruzwa kila maji yakipanda.

Mezani nikajitahidi kuingia kwa upole. Nikasema, "Kaka, zile mbao zimekuwa nyepesi."

Uso wake ukafunguka. "Zimekauka vizuri," akasema, akaomba aongezewe wali.

Nikampa wali. Ningefanyaje?

Aprili 13

Leo Taratibu alimwuliza Kaka, na mimi nikiwepo, mbona benchi lake limejaa makovu na halipigi randa. Kaka akashangaa swali lenyewe. Akasema benchi ni la kufanyia kazi, lisipokatwa-katwa maana yake hakuna kilichofanyika juu yake. Taratibu akanitazama. Mimi nikatazama injini.

Aprili 16

Nimerudisha tairi moja la lori, nikalitundika nyuma ya ubao wa nyuma. Nilimwambia Kaka ni la akiba. Jioni halikuwepo. Amelitoa kwa kuwa linauachia ubao weusi.

Aprili 20

Nimekwenda kutafuta mbao nyingine kwa siri, kama mke anayetoroka. Sikufika. Barabara ya kiwanda cha mbao imekatwa na maji, kuna shimo ambalo lori lingeingia likapotea. Wenzangu wa gatini nao hawana cha ziada, kila mtu katundika alichonacho.

Aprili 23

Kidole kimoja na nusu.

Nina hasira, na niiandike hapa isije ikatokea mdomoni. Mwanzoni nilimwona mtu aliyevunjika, nikamhurumia. Sasa namwona mtu mbinafsi anayejitibu kwa boti yangu. Kila Jumatatu na Alhamisi, tukiachia kamba kuondoka, nasikia kutoka bandani randa inavyotembea, laini, shwaa, shwaa, na kila mara najua ni kiasi gani cha ubavu wangu kinaanguka sakafuni. Maranda anamletea Mama awashie moto. Anaimba. Huo wimbo hata haujui vizuri.

Nilimweleza Mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Mwache," akasema. "Boti ni mbao. Mwanangu ni mmoja."

Nikamwambia boti ndiyo inayomnunulia huyo mmoja mchele anaouchambua. Akaendelea kuchambua. Na mimi nimemwacha, kwa hiyo hasira zangu ni za bure. Naogopa nikimwambia atarudi kwenye ukingo wa kitanda, na mara hii hatainuka. Namwogopa Kaka aliyekaa kitandani kuliko ninavyouogopa mto. Hilo ndilo jibu langu, na halina akili.

Aprili 28

Alhamisi. Shwaa, shwaa.

Mei 1

Mto umefika kwenye ngazi ya pili ya gati. Rangi yake imekuwa ya udongo wa matofali. Safari zimepungua, kuna magogo. Fundi wa maboti alipita, akatazama mbao zetu kwa mbali akasema zimependeza.

Mei 4

Naandika jioni.

Asubuhi mto ulikuwa kwenye ngazi ya nne na unakuja na miti mizima, mizizi juu. Hakuna boti iliyotoka. Mimi na Taratibu tulikuwa ndani tangu alfajiri kuongeza kamba. Mabibi harusi wote wawili walikuwa mahali pao, wazuri kupita kiasi, wamepakwa mafuta juzi.

Mti ulikuja upande wa kulia, mkubwa, tuliuona kwa mbali na hatukuwa na la kufanya. Ukaisukuma boti kwa nyuma kwenye nguzo. Nilisikia ubao wa nyuma ukikatika, mlio mdogo, kama mtu amevunja rula. Nusu ikaanguka sitahani, nusu ikabaki inaning'inia kwenye kamba. Mpira ukaruka juu. Nguzo ikawa inatazamana na ubao uliooza, hakuna kitu katikati.

Taratibu alikuwa ameshashika mti wa kusukumia kabla sijapiga kelele. Sijawahi kumwona mtu yule akienda haraka hivyo. Tukausimika kwenye nguzo, tukasukuma wote wawili kwa mabega. Boti ikikaribia tunasukuma, inarudi, inakaribia tena. Mara mbili ilitushinda. Mara ya kwanza iligusa tu. Ya pili iligonga, na ndani yake nikasikia maji.

Kaka alikuja akikimbia kutoka nyumbani. Akaruka ndani, akaokota ile nusu iliyoanguka. Hakuangalia uso wake, aliangalia mahali ilipokatika. Akauweka unene wake kwenye kidole chake cha shahada. Vilikuwa sawa. Alisimama hivyo, mti mwingine ukapita, na mimi nikimwona anahesabu kila Jumatatu na kila Alhamisi.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema zimekauka vizuri."

"Mbona hukusema, mdogo wangu?"

Nilikuwa nimebana mti begani, mvua machoni, sikuwa na nafasi ya kutafuta neno zuri. "Ulikuwa unakula," nikasema.

Akaniangalia. Sijui nilichokiona usoni mwake na sitajifanya najua. Kisha akaiweka ile nusu chini, taratibu kabisa, kama kitu cha mtu mwingine, akamwambia Taratibu amfuate. Nikabaki na nahodha jirani, aliyekuja kushika upande wa pili wa mti bila kuombwa.

Banda liko juu tu ya gati, kwa hiyo nilisikia. Kwanza nyundo, ikitoa kabari. Halafu kitu kizito kikianguka, miguu ya benchi. Halafu msumeno. Nilielewa kinachokatwa, nikaanza kulia hapohapo nikisukuma. Nahodha jirani alidhani ni kwa ajili ya boti. Taratibu ameniambia baadaye kwamba Kaka alikata uso wa benchi katikati, mwenyewe, na hakupima. Mtu ambaye hupima mara tatu kabla ya kukata kijiti.

Walizileta nusu mbili, moja baada ya nyingine, Kaka mbele na Taratibu nyuma. Hakutoboa hata tundu. Kamba ilipita kwenye matundu yale yale ya vigingi, kama vile yalitobolewa kwa ajili yake. Moja tuliitundika nyuma. Ya pili tukaitundika mbele, tukamvua bibi harusi aliyebaki kabla naye hajatuaibisha.

Mti uliofuata ulipotupiga, boti ilikwenda kwenye nguzo kwa uzito wake wote. Ule mlio ulikuwa mwingine kabisa, mzito, kama mlango wa ghala unafungwa. Mipira ikapokea. Tukarudi nyuma. Ubavu haukuguswa.

Miti ilitupiga tena na tena mpaka alasiri. Maji yalikuwa yanaingia pale palipogongwa, kiasi ambacho pampu inakiweza, na Taratibu alipampu mpaka akaacha kusema kabisa. Kaka alikaa sitahani siku nzima, ameshika kamba ya ubao wa nyuma, akiisikiliza kila kishindo. Sasa miti imepungua. Hakuna mtu aliyekula.

Mei 5

Nimelala. Boti inaelea.

Mei 6

Mto umeshuka ngazi moja. Asubuhi hii nilipopita nikamwona Kaka ameketi kwenye ukingo wa kitanda. Nikaenda jikoni nikamwambia Mama kwamba tumempoteza, na kwamba ni mimi, kwa kunyamaza kwangu.

Mama alinyanyuka. Pale sebuleni tuna meza ya kulia chakula, ya kwanza aliyoitengeneza Kaka alipokuwa anajifunza, na maisha yangu yote haijawekwa kikombe cha moto bila kitambaa. Mama akaondoa vikombe, akaondoa kitambaa, akakikunja. Akamwita Kaka kwa jina lake la utotoni, ambalo hata mimi huwa sithubutu kulitaja. Alipofika mlangoni akamwambia seremala bila benchi ni mzururaji, na yeye hataki mzururaji ndani ya nyumba yake.

Kaka akasema, "Mama, nitaiharibu."

"Iharibu," Mama akasema. "Nimeitunza vya kutosha."

Tumeibeba mpaka bandani mimi na yeye. Ni nzito pia, alijua kutengeneza tangu zamani. Njiani niliomba msamaha. Akaniambia niangalie kizingiti.

Mei 9

Jumatatu. Nilisikiliza nikipita. Hakuna shwaa. Anatengeneza fremu ya dirisha la nahodha jirani.

Mei 18

Mvua nyepesi. Mbao za benchi zimechimbwa na nati kila mahali. Kaka huja jioni, anazitazama, anaondoka. Leo Taratibu alimwuliza kama Alhamisi azipeleke bandani. Kaka akamwambia aziache zifanye kazi.

Mei 29

Jua siku nzima. Mama ameanika blanketi lililobaki.

Juni 8

Boti imepandishwa. Fundi wa maboti akabandua rangi pale palipooza, akaweka kidole gumba, akasukuma. Kidole kikapita mpaka upande wa pili. Akakitoa, akakiangalia, akaniuliza tulipitaje msimu na kitu kama hiki. Nikamwonyesha nusu mbili za benchi. Hakusema zimependeza.

Kaka ndiye aliyeuchonga ubao mpya. Ameuchonga juu ya meza ya Mama, na kwenye meza kuna alama ya msumeno pembeni, ndefu. Mama ameshaiona. Amepuliza vumbi akaenda zake.

Juni 13

Msimu umekwisha, tumehifadhi vitu. Kamba zimeoshwa, mipira imepunguzwa hewa. Kaka amepanua rafu, maana nusu za benchi ni nene na hazikutosha mahali pa mabibi harusi. Nilizisugua kwa maji safi na burashi, nikazikausha kivulini siku kadhaa, na leo nikashika mkebe wa mafuta nimpe. Akatikisa kichwa. Akasema zikauke tu, zilale bapa, hewa ipite.

Kabla hatujaipandisha ya nyuma, akaigeuza kwenye mwanga. Mimi nilikuwa naona makovu matupu, ya karakana na ya gati yamechanganyika, siwezi kuyatenga. Yeye anayajua. Akapitisha kidole. Hii mistari miwili ni kabati la mwalimu mkuu. Hapa palipoungua ni sufuria ya gundi, siku aliyozaliwa mwanawe, na huyo mwana ni mkubwa sasa, yuko mbali, sikujua kwamba Kaka bado anamhesabu hivyo. Hii ni ya kitanda nilicholalia mimi utotoni, patasi iliteleza.

Akafika kwenye shimo la nati, bichi, lenye kutu pembeni, kubwa kuliko yote. Akaacha kidole humo.

"Na hii," akasema, "ni boti ya mdogo wangu."

Tukaipandisha rafuni, akafunga kamba, akajipangusa mikono, akauliza kuna nini cha kula. Nikamwambia wali na maharage. Tumekula jikoni, sahani mapajani, maana meza iko bandani. Mama amelalamika mgongo. Kaka ameongezewa mara mbili.